Tathmini ya AO3: Lebo Ndizo Zinazobeba Kila Kitu

Chukua Sherlock Holmes na daktari Watson. Chumba ni kilekile, kesi ni ileile, na bado hadithi mbili za mashabiki zinaweza kuwafanya watu wasiofanana hata kidogo: katika moja ni marafiki wa kufa na kuzikana, katika nyingine ni wapenzi waliohitaji sura 40 kuambiana neno. Kwenye Archive of Our Own, ghala la mtandaoni la hadithi ambazo mashabiki huandika kwa kuazima wahusika wa wengine, na ambalo wengi huliita AO3, tofauti hiyo hubebwa na alama moja ya uandishi. Majina yakitenganishwa na mkwaju, “/”, uhusiano ni wa mapenzi. Yakiunganishwa na “&”, ni urafiki, undugu, ulezi, hata uadui, ila si mapenzi. Mgeni asiyejua hilo hutafuta urafiki akaletewa mahaba, kisha akasema tovuti haieleweki. Inaeleweka vizuri, lakini inadai usome lebo kabla ya kusoma hadithi. Tathmini hii inahusu hasa jambo hilo: jinsi ghala hili linavyomsaidia shabiki kuipata au kuitangaza tafsiri yake ya mhusika, na pale linapomwangusha.

Mkwaju wenyewe ni mkongwe kuliko intaneti. Mashabiki wa Star Trek waliutumia katika majarida yao ya miaka ya 1970, walipoandika Kirk/Spock ili msomaji ajue kwamba nahodha na msaidizi wake hapa ni wapenzi. Utanzu mzima wa mapenzi ya wahusika wa jinsia moja ukabeba jina la alama hiyo hadi leo.

Ghala hili lilizaliwa kutokana na hasara. Mwaka 2002 FanFiction.net, tovuti iliyoanzishwa 1998, iliondoa hadithi za daraja la watu wazima. Mwaka 2007 LiveJournal, jukwaa la shajara za mtandaoni, ilifunga kwa mpigo mamia ya kurasa za watumiaji, zikiwemo za mashabiki. Mwaka huohuo mashabiki wakaunda Organization for Transformative Works, OTW, shirika lisilo la faida lililosajiliwa Marekani, lenye seva zake lenyewe na kamati yake ya sheria. AO3 ikafunguliwa kwa umma kwa majaribio Novemba 2009. Leo ina kazi zaidi ya milioni 10, na mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo katika kundi la kazi zinazohusiana na fasihi ya sayansi na ya njozi. Inaendeshwa kwa michango na kwa watu wa kujitolea. Haina tangazo hata moja, haina ada, na haina mashine inayokuchagulia cha kusoma. Hilo la mwisho ndilo linalowashangaza waliozoea majukwaa mengine, na kwa maoni yangu ndilo zuri kuliko yote: unachokiona ni ulichokitafuta.

Lebo zinavyofanya kazi

Kila kazi ina tabaka sita za lebo. Kuna daraja la umri, maonyo, aina ya uhusiano kwa jumla, fandomu (yaani chanzo ambacho wahusika wametoka), majina ya wahusika na ya jozi (yaani wahusika wanaounganishwa na uhusiano), kisha lebo za ziada ambazo mwandishi huzitunga mwenyewe. Kwa fandomu, wahusika, jozi na lebo za ziada, kikomo ni lebo 75 kwa kazi moja. Linganisha na FanFiction.net, ambako mwandishi huchagua wahusika wasiozidi wanne na aina za hadithi mbili. Katika nafasi finyu vile unaweza kusema hadithi ni ya nani, lakini huwezi kusema umemwelewaje mtu huyo. Kwenye AO3 unaweza kutangaza kwamba Watson wako anaota vita usiku, kwamba Holmes wako hana haja ya mapenzi ya mwili, kwamba mambo yanaachana na chanzo kuanzia tukio fulani, na kwamba mwisho ni wa furaha. Msomaji anayajua yote hayo kabla ya kufungua sura ya kwanza.

Uhuru huo ungeleta vurugu kama si kazi ya wapanga lebo. Hawa ni watu wa kujitolea wanaopitia lebo zilizoandikwa na watumiaji na kuzifunga kwenye lebo moja kuu. Mmoja akiandika jina la utani la jozi, mwingine akipanga majina kinyume, wa tatu akikosea herufi, zote tatu huunganishwa nyuma ya pazia na kuonekana mahali pamoja. Maneno ya mwandishi hayaguswi. Yanabaki alivyoyaandika, na kinachobadilika ni kiungo tu. Ni kazi ya mikono, ya fandomu moja baada ya nyingine, na sijaona tovuti nyingine ya hadithi inayoifanya kwa kiwango hiki.

Udhaifu wake ni muda. Lebo mpya ambayo bado haijaunganishwa haitokei kwenye orodha ya mapendekezo, na kichujio hakiihesabu pamoja na wenzake. Chanzo kipya kikipata mashabiki wengi ghafla, jozi moja inaweza kukaa majuma kadhaa ikiwa imetawanyika kwa majina matatu manne. Wakati huo tafuta kwa jina la mhusika mmoja, usitafute kwa jozi.

Namna ya kutafuta tafsiri unayoitaka

Usianzie kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya ukurasa. Kile husoma maneno popote yalipo, hata kwenye muhtasari unaosema “hii si hadithi ya Holmes na Watson kupendana”. Anzia kwenye fandomu. Tukibaki na mfano wetu, lebo ya “Sherlock Holmes & Related Fandoms” ni mwavuli unaofunika matoleo yote. Chini yake kuna “Sherlock Holmes - Arthur Conan Doyle” kwa vitabu vya asili, “Sherlock (TV)” kwa tamthilia ya Uingereza, na nyinginezo. Ukifungua mwavuli utachanganyiwa Watson wa karne ya 19 na Watson anayetumia simu. Ukibofya lebo ya jozi, “Sherlock Holmes/John Watson”, utapata mchanganyiko uleule, kwa sababu majina ni yaleyale katika matoleo mengi na jozi hiyo haifungwi na fandomu moja. Dawa ni kuanza na fandomu mahususi, ndipo uongeze jozi kwenye kichujio. Joan Watson wa toleo la Marekani yeye ana lebo zake, ya mkwaju na ya “&”, na ya pili hutumiwa sana kwa kuwa chanzo chenyewe kiliwaweka wawili hao kama washirika wa kazi wasio wapenzi.

Kichujio kipo upande wa kulia kwenye kompyuta. Kwenye simu hufichwa nyuma ya kitufe kilicho juu ya orodha, na wengi hawajui kabisa kwamba kipo. Kina nusu mbili, ya kujumuisha na ya kuondoa. Kila kundi huonyesha lebo 10 zinazotumika zaidi, na nyingine zote huandikwa kwa mkono: andika herufi chache, subiri mapendekezo, chagua. Usiandike jozi nzima kwa mpangilio wa kubahatisha, maana majina hupangwa kwa kanuni na mara nyingi ni kwa alfabeti ya jina la ukoo. Andika jina moja, jozi zake zitajileta zenyewe.

Kosa la kwanza la wengi ni kuweka tiki kwenye jozi mbili wakitarajia kupata hadithi za jozi hii au ile. Tiki mbili humaanisha zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo orodha inapungua badala ya kuongezeka. Ukitaka moja au nyingine, tumia kisanduku cha kutafuta ndani ya matokeo, andika kila jina la jozi ndani ya alama za kunukuu, na kati yao uweke neno OR kwa herufi kubwa.

Kosa la pili lina dawa ambayo haionekani popote kwenye kichujio chenyewe. Waandishi hupenda kuorodhesha kila jozi inayopita nyuma ya hadithi, hata ile iliyotajwa katika sentensi mbili. Ukitafuta jozi ndogo, kurasa tano za mwanzo zinaweza kuwa za hadithi ambazo jozi yako inapita mlangoni tu. Katika kisanduku hichohicho andika `otp: true`. Zitabaki kazi zenye lebo moja tu ya uhusiano. Ni kipande cha maandishi chenye faida kuliko vitufe vyote vya ukurasa huo, lakini ujue gharama yake: lebo za “&” nazo huhesabiwa kuwa za uhusiano. Hadithi nzuri ya wapenzi wawili ambamo mwandishi ameweka pia lebo ya urafiki kati ya mmoja wao na dada yake itaondolewa. Tumia `otp: true` kwa jozi kubwa zenye maelfu ya kazi. Kwa jozi yenye kazi 60, ni afadhali uzipitie zote kwa macho.

Kuondoa kuna nguvu kuliko kujumuisha. Mtu anayetaka Holmes asiye na mpenzi hapaswi kutafuta lebo ya upweke. Achague kundi la hadithi zisizo na mapenzi, liitwalo Gen, kisha aiondoe jozi kuu upande wa pili. Anayechoshwa na ulimwengu mbadala, yaani wahusika walewale kuhamishiwa maisha mengine, kama ya shule na mikahawa, aondoe lebo mama ya ulimwengu mbadala, na lebo zilizo chini yake zitaondoka nayo. Hapo kuna mtego: “Alternate Universe - Canon Divergence” nayo ni tawi la mama huyohuyo. Lebo hiyo ni ya hadithi ambazo ulimwengu ni uleule wa chanzo na njia inagawanyika mahali pamoja, nazo mara nyingi ndizo zenye usomaji wa kina wa chanzo. Ukimwondoa mama umewapoteza watoto wote, wema na wabaya. Ondoa matawi usiyoyataka, moja moja.

Ukimaliza, hifadhi anwani ya ukurasa katika kivinjari chako. Tovuti haikumbuki vichujio vyako, lakini vyote vimo ndani ya anwani ile ndefu. Kesho ukiifungua, orodha itakuja imechujwa vilevile, pamoja na kazi mpya.

Ipo lebo ya lugha pia, na Kiswahili kimo katika orodha, ingawa kazi zake ni chache mno. Vitufe na menyu zote za tovuti ni za Kiingereza tu. Kwa msomaji asiyekimudu Kiingereza hicho ni kikwazo cha kweli, na tovuti yenye umri huu ilipaswa kuwa imekiondoa.

Onyo lisiloonya

Mwandishi analazimika kuchagua angalau onyo moja. Maonyo manne ni ya mambo yenyewe: ukatili unaoelezwa waziwazi, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, na ngono inayohusisha walio chini ya umri. Chaguo mbili zilizobaki ndizo zinazowaponza watu. Moja husema hakuna kati ya hayo manne. Nyingine husema mwandishi ameamua kutotumia maonyo. Mgeni huzisoma kana kwamba ni kitu kimoja, wakati ya pili ina maana kwamba lolote linaweza kutokea, pamoja na kifo cha yule uliyemfuata kwa maneno 200,000. Waandishi wengi huitumia ili wasifichue msuko, na wana haki hiyo. Kama huwezi kustahimili kushtukizwa, iweke upande wa kuondoa. Huko pia utapoteza kazi kadhaa zisizo na baya lolote ndani yake, na hilo halikwepeki.

Daraja la umri lina mtego wa aina hiyohiyo. Kazi ambayo haikupewa daraja hushughulikiwa kama ya watu wazima: mgeni huonyeshwa ukurasa unaomtaka akubali kuendelea. Ukurasa huo ndio kizuizi pekee. Hakuna uthibitisho wa umri zaidi ya kubofya. Masharti yanataka mwenye akaunti awe na miaka 13 au zaidi, ila kusoma hakuhitaji akaunti. Mzazi asidhani kwamba lebo ni kufuli.

Kupanga kwa kudos na jinsi tafsiri moja inavyomeza nyingine

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu chombo chenyewe kinaathiri jinsi wahusika wanavyoeleweka, na watumiaji wengi hawalioni hilo.

Kudos ni kitufe cha kusema “nimependa”. Msomaji mmoja hutoa moja kwa kazi moja, hata asiye na akaunti anaweza, na ikishatolewa hairudishwi. Kazi ya mwaka 2012 imekusanya kudos miaka yote hiyo, ilhali ya mwezi uliopita imekusanya za mwezi mmoja. Kila mgeni akiingia kwenye fandomu hupanga kwa kudos, husoma zilezile 20 za ukurasa wa kwanza, huziongezea kudos, na ukurasa unaganda. Hadithi hizo 20 nyingi ziliandikwa mapema, wakati chanzo chenyewe kilikuwa bado hakijaisha na mashabiki walikuwa wakijaza mapengo kwa kubuni.

Matokeo yake huitwa fanoni, yaani sifa ambazo hazimo katika chanzo lakini kila mtu anaziamini. Mhusika mwenye mistari sita hupewa mama katili, hofu ya giza, na mazoea ya kunywa chai isiyo na sukari, na baada ya miaka mitatu waandishi wapya wanayaandika hayo kama ukweli. Aliyekuwa mkimya katika chanzo anageuka mtu wa kulia kila sura. Aliyekuwa mkali anageuka mlinzi asiye na neno lake mwenyewe. Jozi ya watu wawili wenye mabishano ya kweli, yenye sababu, inakuwa mmoja mwenye hasira na mmoja mwenye subira, na ukibadilisha majina yao huwezi kujua kama umehama fandomu.

Simaanishi kwamba fanoni ni mbaya siku zote. Nyingine ni usomaji mzuri wa jambo ambalo mtunzi aliliacha nusu, ikasambaa kwa sababu ilistahili. Ila anayetaka kuona jozi ikisomwa upya asipange kwa kudos. Apange kwa tarehe, achague kazi zilizokamilika, na aweke idadi ya maneno kuanzia 5,000 hadi 40,000. Masafa hayo yanatosha kumjenga mtu, na ni mafupi kiasi kwamba mwandishi hawezi kujificha nyuma ya matukio. Kisha aongeze lebo moja inayomlazimisha mwandishi kurudi kwenye chanzo. “Missing Scene” ni tukio ambalo chanzo kililiruka: mwandishi lazima aingie na kutoka mahali palepale chanzo kilipoacha, kwa hiyo mhusika aliyepinda anaonekana mara moja. “POV Outsider” humwonyesha mhusika kwa macho ya mtu wa pembeni, jirani au karani, na hapo maelezo ya ndani ya moyo hayapatikani. Inabaki tabia tu. “5+1 Things” ni matukio matano yanayofanana na la sita linalogeuka, muundo unaodai mabadiliko yapimwe hatua kwa hatua.

“Fix-It”, hadithi inayorekebisha mwisho uliowaumiza mashabiki, inahitaji uangalifu. Iliyo nzuri hutafuta kosa lilikoanzia, mara nyingi mbali nyuma ya kifo chenyewe, na kubadilisha uamuzi mmoja ambao mhusika angeweza kweli kuufanya. Iliyo dhaifu humfufua mtu, ikamkalisha mezani, na kusahau kilichomuua. “Hurt/Comfort”, mateso na faraja, ndiyo lebo yenye mkwaju usiohusiana na mapenzi, na wapya huichanganya. Maumivu na kuuguzwa huko yanaweza kuwa ya ndugu wawili.

Kuhusu ulimwengu mbadala kwa jumla, kipimo changu ni kimoja: mhusika akinyang'anywa kazi, silaha na nchi yake, nini kinabaki? Kama Holmes akiwa mwuza vitabu bado anamsoma mteja kwa viatu vyake na kumkera kwa kumwambia, tafsiri imesimama. Kama amebaki koti na nywele, hiyo ni hadithi ya mtu mwingine iliyoazima jina.

Alamisho kama mshauri

Kwa kuwa hakuna mashine ya kupendekeza, mapendekezo hutoka kwa wasomaji wenzako. Njia inayofanya kazi ni hii. Fungua kazi moja unayoiamini kabisa. Bofya idadi ya alamisho zake (Bookmarks). Pitia walioihifadhi na umtafute aliyeandika maelezo yake mwenyewe, hata mistari miwili, akieleza kwa nini mhusika amemkaa vizuri. Fungua alamisho zote za mtu huyo, kisha zichuje kwa jozi yako. Utapata orodha iliyochambuliwa na jicho linalofanana na lako. Kupanga kwa idadi ya alamisho nako ni afadhali kuliko kwa kudos, kwa sababu anayehifadhi anatarajia kurudi, na anahitaji akaunti ili ahifadhi. Ujue tu kwamba alamisho zako ni za wazi usipozifanya za siri, na mwandishi anaweza kusoma ulichokiandika humo.

Kwa anayeandika

Akaunti hupatikana kwa mwaliko. Unaweka barua pepe kwenye foleni na kusubiri siku kadhaa, wakati mwingine majuma. Hakuna malipo ya kuruka foleni, na anayekuuzia mwaliko anakutapeli.

Ukipachika maandishi kutoka Google Docs, tarajia mambo mawili: mstari mtupu wa ziada kati ya aya, na nafasi zisizotakiwa kuzunguka maneno yaliyolazwa, hasa kabla ya nukta na koma. Hayo hutokana na msimbo uliofichika unaosafiri pamoja na maandishi. Yakague katika mwonekano wa awali kabla ya kuchapisha. Rasimu isiyochapishwa hufutwa yenyewe baada ya takriban mwezi mmoja, kwa hiyo usiifanye AO3 kuwa daftari lako. Picha hazipakiwi hapa. Zinavutwa kutoka tovuti nyingine, na huko zikifutwa msomaji huona mraba mtupu.

Katika lebo, jozi kuu iwe ya kwanza. Jozi zinazopita tu zitaje kwenye maelezo ya mwandishi, usizigeuze lebo. Ukiweka “/” na “&” kwa watu walewale wawili ili uonekane kwenye orodha zote mbili, umemdanganya msomaji wa upande mmoja, na huyo harudi. Kama umeamua kumsoma mhusika tofauti sana na wengine, sema hivyo katika lebo ya ziada. Lebo ya kujilaumu kwamba mhusika hafanani na wa chanzo haimsaidii mtu. Andika badala yake umembadilisha nini.

Usiweke kiungo cha michango wala kutaja kwamba sura inayofuata ipo kwa wanaolipa. Masharti yanakataza biashara ya aina yoyote, na kazi huondolewa kwa hilo. Sababu ni ya msingi: OTW hutetea hadithi za mashabiki kama matumizi halali chini ya sheria ya hakimiliki ya Marekani, kwa kuwa zinaongeza maana mpya na haziuzwi. Anayeuza anadhoofisha utetezi wa wote.

Ukichoka na kazi yako, kabla ya kuifuta fikiria kuiacha yatima. Jina lako huondolewa, hadithi na maoni ya wasomaji hubaki, lakini huwezi kuirudisha mikononi mwako tena. Hii ni huduma ya heshima kwa pande zote mbili, na ningependa ijulikane zaidi.

Kasoro nyingine

Hakuna ujumbe wa faragha kati ya watumiaji. Kuna kuzuia watu na kunyamazisha kazi zao, ila huwezi kuzuia lebo moja kwa kudumu katika akaunti yako, na hapo ndipo ile anwani iliyohifadhiwa inapokuokoa. Hakuna programu rasmi ya simu, kwa hiyo yoyote inayodai ni ya AO3 ni ya mtu mwingine, na usiipe nywila yako. Usimamizi unaotegemea watu wa kujitolea hujibu malalamiko polepole. Mwaka 2023 watumiaji waliendesha kampeni wakidai OTW itimize ahadi zake kuhusu unyanyasaji wa kibaguzi wa rangi, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Shabiki anayemsoma upya mhusika mweusi hapaswi kupigana na matusi kwenye maoni peke yake. Kwa sasa zana alizonazo mwandishi ni kuwaruhusu wenye akaunti tu kutoa maoni, kuyapitia kabla hayajaonekana, au kuyafunga.

Tovuti yenyewe huanguka mara chache, lakini Julai 2023 ilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi bandia na ikazimwa kwa zaidi ya siku nzima. China iliifungia Februari 2020, na wasomaji wa huko wakapoteza kila kitu ambacho hawakuwa wamekihifadhi. Waandishi nao hufuta kazi bila taarifa, na siku hizi wengi huzifungia kwa wenye akaunti tu ili zisichukuliwe kufunza mashine za akili bandia. Utaona alama ya kufuli ya bluu, na asiyeingia kwenye akaunti hazioni kabisa katika orodha.

Kwa hiyo kila unapomaliza hadithi iliyokufanya umwone mhusika kwa jicho jipya, bofya kitufe cha kupakua kilicho juu ya kazi. Miundo ya faili ni mitano: AZW3, EPUB, MOBI, HTML na PDF. Kwa simu chagua EPUB. Kazi nzima huja na sura zote katika faili moja, na ukurasa wa kwanza hubeba lebo zote, pamoja na ule mkwaju.